Kochi la Fundi Mwenyewe

Nikutegee? Nimevalisha mtaa mzima, kwangu mifupa iko nje. Nani huyo?

Fikiri kwanza, usikimbilie. Umesema fundi cherehani? Umefika mlangoni lakini hujabisha. Fundi cherehani mifupa yake ina nyama juu. Haya, umeshindwa, nipe mji niufaidi kidogo, kisha nikwambie: ni fundi makochi. Mwenye baa alikalia kazi yake, mwalimu mkuu alikalia kazi yake, hata yule bwana wa duka la dawa anayehudumia watu kwa kusimama tangu asubuhi, akirudi kwake jioni alikalia kazi yake. Lakini ukiingia sebuleni kwa fundi mwenyewe, ulikuta kochi moja refu lililovuliwa kitambaa na kunyofolewa sponji, limebaki fremu, mikanda iliyolegea na misumari. Alilivua mwezi wa nane. Alisema atalivalisha kabla ya sikukuu. Hakusema sikukuu ya mwaka gani.

Nyumba hiyo walikaa watatu. Fundi, mke wake, aliyekuwa daktari, na binti yao wa miaka saba, aliyeitwa Mbona kwa sababu tangu apate ulimi hajapata kuanza swali kwa neno jingine. Udaktari wa yule mama uliwachanganya watu. Chuo alishamaliza, watu alishawatibu miaka minne, halafu akarudi tena hospitali kubwa kusomea ubingwa wa watoto. Kwa hiyo alikuwa anatibu, anafundishwa, anatahiniwa na kufokewa, yote siku moja na ndani ya koti moja. Kila baada ya miezi miwili walimhamisha wodi. Akishajua funguo za kabati ziko wapi na muuguzi gani hapendi kuulizwa kitu mara mbili, anaambiwa kusanya vitu vyako, nenda wodi nyingine.

Mwanzoni mwa mwezi wa mwisho wa mwaka walimpeleka kwa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao mguu mzima wa mtoto unalingana na kidole chako cha kati. Na mwezi huo huo zamu ya sikukuu ilikuwa imeangukia nyumbani kwake.

Zamu yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alikuwa na dada mkubwa, mwenye saluni. Sisi tumwite Wifi, kama Daktari alivyomwita. Baba yao alipofariki, ndugu hao wawili walipatana kwamba sikukuu ya kufunga mwaka mama yao atakula mwaka huu kwa mmoja, mwaka ujao kwa mwingine. Mapatano mazuri kabisa. Ila mara mbili zamu ya Fundi ilipofika, Daktari alikuwa kazini, na sufuria zikarudi kwa dada mtu. Ukijumlisha na zamu zake halali, Wifi alikuwa amepika miaka mitano mfululizo.

"Mwaka huu," alisema kwenye simu, "mimi nakuja na mkoba na meno. Hata kijiko sileti."

"Njoo hivyo hivyo, dada," Fundi akajibu. "Mwaka huu hakuna cha zamu ya hospitali wala nini."

Ratiba ya wodi mpya ilipotoka, Fundi aliibandika kwenye friji, akalizungushia jina la mke wake duara la kalamu nyekundu, akashusha kidole mpaka siku ya sikukuu. Kiboksi kilikuwa kitupu.

"Hapa peupe. Peupe maana yake uko nyumbani?"

"Niko nyumbani."

"Peupe kabisa? Hawatakuita?"

"Baba Mbona, nimeshakwambia niko."

"Mbona unaguna, mama?" akauliza Mbona.

Wiki ile ile Fundi alinunua sponji ya kochi lao, nene, ya inchi sita. Ilikaa sebuleni siku mbili, Mbona akiirukia. Siku ya tatu mwenye baa alikuja mbio: viti vyake vimechanika na wateja wa sikukuu wanaingia. Sponji ikaenda baa.

*

Mama yake Fundi alifika siku sita kabla, na kikapu, na mto wake wa kulalia, na kauli yake ya kila safari: "Mimi sikuja kumsumbua mtu." Alifika mchana, jioni alikuwa ameshafua mapazia. Kesho yake asubuhi akaanza kuta. Pembeni mwa mlango wa mbele, usawa wa bega la mtu mzima, palikuwa na alama ya kiganja, nyeusi nyeusi, kama ya mtu aliyeegemea pale mara elfu. Bibi akachovya brashi kwenye maji ya sabuni.

"Mbona, ni wewe unayepaka ukuta mikono?"

"Mbona mimi sifiki hapo, Bibi?"

Bibi akamtazama mtoto, akautazama ukuta. Akaendelea kusugua.

Saa tano Daktari akarudi. Kazini aliingia jana yake asubuhi. Alifungua mlango, akaweka kiganja ukutani, akakuta pamelowa. Akavua kiatu kimoja akiwa amesimama, akabadilisha mguu, akavua cha pili. Ndivyo alivyokuwa akivua tangu mwezi wa nane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Umechelewa, watu wanakungoja."

Watu walikuwa watatu, majirani, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nyumba ilikuwa na viti vinne vya plastiki. Cha nne alikalia Bibi mwenyewe, maana alikuwa na mgongo.

"Huyu sasa ndiye daktari wangu," Bibi akawaambia, na ungemsikia ungejua hatanii. Kijijini kwake hapakuwa na mtu asiyejua mkwe wake anatibu wapi. "Mwenye goti aanze."

"Mama, mimi ni wa watoto."

"Kwani goti hili lilizaliwa kubwa?"

Wakacheka wote. Daktari naye alicheka kidogo. Akaliinamia goti. Kisha akaipapasa shingo ya wa pili, kisha akasoma karatasi za vipimo vya wa tatu akiwa ameegemea friji, mgongo wake umefunika ratiba. Ilimchukua saa nzima na robo. Hakuna aliyenyanyuka kumpisha. Wagonjwa watanyanyukaje?

Walipoondoka, Wifi aliingia na mifuko miwili, japo aliapa kuja na mkoba na meno tu. Akasimama katikati ya sebule, akaitazama fremu ya kochi, akatazama dari lenye utando, akatikisa kichwa.

"Daktari, kumbe mgonjwa mahututi tunaye hapa hapa. Hii sebule inahitaji dripu."

"Wifi, karibu."

"Nikaribie wapi? Nikalie msumari? Nimeosha vichwa kumi na saba tangu alfajiri, miguu haina adabu tena, halafu nafika kwa fundi makochi nasimama kama mnunuzi."

Akavuta kiti kimojawapo, akakaa, akaweka mifuko kwenye cha pili na miguu kwenye cha tatu. Daktari aliingia jikoni, akapindua ndoo, akakaa juu yake, akaanza kumenya viazi. Kiazi cha nne kilimshinda. Kisu kikiwa mkononi, kichwa kikalala kwenye kabati.

"Mama, njoo umwone mkweo," Wifi akaita. "Kalala na kisu."

Bibi akaja, akakitoa kile kisu taratibu, akaokota kiazi kilichobingirika.

"Mwache," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini ya mtu asiye na nia mbaya: "Lakini huwa najiuliza, anachoka na nini? Niliwaona siku ile nilipompeleka jirani hospitali. Wanakaa tu kwenye viti vya kuzunguka, wanaandika."

Sikio la mtu anayelea watoto njiti halilali lote. Kule wodini mtoto akisahau kupumua hapigi kelele, ananyamaza tu, na wewe inabidi uusikie ule ukimya. Daktari alisikia kila neno. Hakufumbua macho.

Jioni Fundi alirudi, vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele, mikono ina harufu ya gundi. Mke wake alimfuata chumbani.

"Baba Mbona, lile kochi."

"Kesho kutwa. Nikimaliza ya baa nalikamata."

"Sitaki liwe zuri. Weka hata mbao tatu juu, utupie blanketi."

"Mbao!" Fundi akageuka kama aliyetukanwa. "Mama yangu na dada yangu wakalie mbao, kwangu mimi? Unataka nichekwe mpaka mwaka kesho?"

"Nataka pa kukaa."

"Si kuna viti vinne?"

"Viko vinne," Daktari akasema. "Kweli."

*

Wodi ya njiti ilikuwa na joto kama mfukoni mwa mtu. Watoto kumi na wanane, kila mmoja na kofia ya sufi, mashine zikilia kwa zamu. Aliyeitawala si bingwa wala profesa. Alikuwa muuguzi mkuu, mama mnene, mfupi, mwenye saa iliyobanwa kifuani, na wote walimwita Sista. Sista alikuwa na sheria yake, haikuandikwa popote, lakini mabingwa wenyewe waliifuata: hakuna anayeingia kutoka nje akamshika mtoto moja kwa moja. Ukiingia, unanawa, kisha unakaa. Dakika tano. Mikono ipate joto na mapigo yatulie.

"Mtoto wa gramu mia tisa anajua mtu aliyetoka kugombana," Sista alimwambia Daktari siku yake ya kwanza. "Kaa."

"Sista, nimechelewa, raundi inaanza."

"Raundi itakukuta umekaa. Kaa, mwanangu."

Akamsukumia kiti. Kilikuwa kiti kikuukuu cha magurudumu, ngozi imepasuka katikati, sponji ya manjano inachungulia. Fundi angekiona angelia. Daktari alikaa, na baada ya dakika mbili alishangaa kuona magoti yake yanatetemeka yenyewe, kana kwamba yalikuwa yakisubiri ruhusa.

Sasa, kesho yake baada ya vile viazi, alikikalia tena kiti kile, akinawisha macho kwa usingizi wa dakika tano. Mezani mbele yake alikaa mwenzake wa mwaka mmoja naye, kijana wa miwani mikubwa, anajaza mafaili kwa uso wa msiba.

"Una nini?" Daktari akamwuliza.

"Sina kitu. Sikukuu niko zamu. Mama yangu yuko ng'ambo ya mji hapo, na huu mwaka wa tatu anapika anakula peke yake. Basi tu. Ndiyo kazi."

Daktari alitazama mikono yake. Ilikuwa imepata joto. Dakika tano zilikwisha zamani.

"Nipe hiyo zamu," akasema.

"Unasemaje?"

"Zamu yako ya sikukuu. Nipe mimi."

Miwani ikavuliwa, ikafutwa, ikavaliwa tena. "Dada, wewe una familia. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Kweli una uhakika?"

"Usiniulize mara tatu, nitabadilisha mawazo."

Wakaenda kwa Sista. Sista alikata jina moja kwenye ratiba ya ukutani akaandika jingine. Alimtazama Daktari juu ya miwani yake. Kisha akakisogeza kile kiti karibu zaidi na meza.

*

Jioni ile walikuwa wote sebuleni. Daktari alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Sikukuu niko zamu. Saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana."

Wifi aliweka simu chini. Fundi alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye friji, akaweka kidole kwenye kiboksi.

"Lakini hapa peupe."

"Pamebadilika."

"Pamebadilikaje? Karatasi inajibadilisha? Mimi nimemwambia mama. Nimemwambia dada. Kila mwaka mimi ndiye nasimama mbele yao nakutetea, ooh kazi ya watu, ooh wamempanga." Akageuka. Hakuwa na sababu ya kuuliza alichouliza. Aliuliza kama mtu anayetikisa kitasa cha mlango aliokwisha kuufunga. "Hebu niambie. Umepangwa, au umeomba?"

Daktari alikunja kile kitambaa mara mbili, halafu mara nne.

"Mbona, viatu vyangu vya kazi umeviona?"

"Mbona umevivaa, mama?"

Swali likabaki pale pale, katikati ya viti vinne vya plastiki. Hakuna aliyelikanyaga.

Bibi ndiye aliyeokoa jioni, au alidhani anaiokoa. "Basi, hatuli saa saba. Tutakula saa kumi. Baba yenu alipokuwa anaendesha lori tulimngoja mpaka wali unageuka mawe. Na huyu tutamngoja."

"Mama, kuku wangu atangoja?" Wifi akasema. "Maana nasikia siku hizi kila mtu ana ratiba, labda na kuku anayo."

"Kuku wako? Si ulisema huleti hata kijiko?"

"Sasa ningefanyaje? Niwaache mle viazi vya kulalia?"

Daktari alisema asante, mama. Asante, wifi. Laiti wangemfokea. Kungojwa ndiko kulikomwumiza zaidi.

*

Siku yenyewe Fundi aliamka mapema, viti vya baa vimekwisha, sponji imekwisha, na muda umekwisha. Akatazama fremu, akajikuna shingo. Kisha akaleta mbao tatu, akazipanga juu ya fremu, akatupia blanketi la maua. Kazi ya dakika nne.

Wifi alifika saa saba na watoto wake wawili na sufuria tatu. Akakaa kwenye blanketi, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Mdogo wangu, hapa mtu anakaa au anakaangwa?"

"Vumilia, dada. Ni la muda."

"Ndoa yangu ilikuwa ya muda kuliko hili."

Bibi alipokaa, ubao wa kati ulichomoka, akazama mpaka kiunoni, miguu juu. Watoto wakapiga ukelele wa furaha. Fundi mkuu wa makochi wa mtaa mzima alimwopoa mama yake kutoka ndani ya kochi lake mwenyewe, uso umemwiva. Kutoka hapo Bibi alikaa kiti cha plastiki, watoto wakajazana kwenye mbao, Wifi akashika kiti cha pili, Fundi cha tatu, na cha nne wakaweka keki na soda kwa kuwa meza ilijaa vyakula.

Kule wodini, saa nane kamili, Daktari alikabidhi zamu. Mtoto wa tatu kapungua gramu kumi, wa kumi na moja anapumua mwenyewe tangu asubuhi, usimtoe kofia. Aliyepokea akaandika yote.

"Haya, nenda," Sista akasema. "Wanakungoja."

"Naenda."

Akakaa. Alijiambia dakika tano. Mama mmoja aliyebeba mtoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi chini ya shuka, alimtabasamia kutoka kwenye kona. Saa tisa simu ikatetemeka mezani, akaigeuza kifudifudi. Sista alipita, akaweka kikombe cha chai karibu naye. Chai ikapoa. Saa kumi simu ikatetemeka tena, ikazunguka kidogo peke yake kama mdudu aliyelala chali.

"Daktari," yule mama wa kwenye kona akauliza, "wewe huendi kula sikukuu?"

"Nakwenda."

"Mimi ningekuwa na pa kwenda ningeshakimbia."

Alisema kwa utani. Daktari aliinuka kama aliyechomwa sindano, akatafuta mkoba uliokuwa mkononi mwake mwenyewe, akakaa tena. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alipotoka kwenye lango la hospitali. Njia nzima hakupanga uongo wowote. Alijaribu, hakuupata.

*

Nyumbani kuku alikuwa amefunikwa, amefunuliwa, amefunikwa tena. Mbona, aliyefundishwa vitendawili na bibi yake wiki nzima, alisimama juu ya mbao.

"Nawategea! Niko kwenye karatasi, nyumbani simo!"

"Hilo gumu," Wifi akasema, ingawa jibu alilijua.

"Mbona rahisi? Ni mama!"

Watoto wakacheka. Fundi hakucheka. Bibi alimvuta mtoto akamkalisha kwenye paja lake, mgongo au si mgongo.

Hodi ikapigwa. Wote wakainuka, Wifi akafunua kuku. Lakini mlangoni alisimama kijana wa miwani mikubwa, shati limepigwa pasi, mikononi keki kubwa yenye sukari nyeupe juu.

"Samahanini. Hapa ndipo kwa Daktari? Mimi nafanya naye kazi. Sitaki kuwasumbua, mama yangu yuko kwenye gari hapo nje, amekataa kabisa tupite bila kushukuru."

"Kushukuru nini, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Hajawaambia? Ndivyo alivyo. Zamu ya leo ilikuwa yangu. Akaja mwenyewe akaniambia nipe. Nikamwuliza mara mbili, dada, una uhakika? Akasema anao." Kijana akacheka, akatazama huku na huku akimtafuta. "Bado hajarudi? Si alimaliza saa nane?"

Ndipo kijana alipoona nyuso, na sahani safi, na wali uliokauka juu. Akaweka keki kwenye kiti juu ya ile keki nyingine, akaomba radhi bila kujua ya nini, akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Sasa hapo mtu angetegemea Wifi aseme. Miaka mitano ya sufuria ilikuwa kwenye ulimi wake, na siku yake ilikuwa imefika. Wifi alimfunika kuku. Akanyoosha kitambaa cha meza mahali palipokuwa pamenyooka tayari. Fundi aliona heri dada yake angetukana.

"Labda kijana amechanganya siku," Bibi akasema.

"Hajachanganya, mama."

"Labda mtu kazidiwa kule, hawezi kumwacha. Nyinyi hamjui kazi za watu."

"Mama. Nimempigia mara mbili." Fundi alikuwa anaongea na magoti yake. "Miaka yote namtetea. Naomba radhi kwa niaba yake mpaka kwa majirani. Kumbe anaomba mwenyewe. Anatukimbia mwenyewe."

"Mbona mama anatukimbia?" Mbona akauliza.

Saa kumi na mbili kasoro kitasa kikazunguka.

Daktari alisimama mlangoni. Aliona keki mbili, moja juu ya nyingine, akaijua ile ya juu imetoka wapi. Aliona Bibi kwenye kiti, Wifi kwenye kiti, mume wake kwenye kiti, watoto wameenea kwenye blanketi la maua juu ya mbao tatu. Mbao tatu na blanketi. Alizitazama hizo kwa muda mrefu kuliko alivyotazama watu.

Kisha, kwa mazoea, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akaweka kiganja ukutani, akainua mguu avue kiatu. Kiganja kilitua pale pale palipokuwa pamesuguliwa. Bibi aliona. Aliangalia kile kiganja, vidole vyote vitano, akaangalia ukuta uliobaki mweupe pande zote, na mkono wake ukasimama kwenye nywele za mjukuu.

"Chakula kimepoa," Fundi akasema. Hakuinuka. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyekwisha kuchoka kukasirika. "Na mimi sitauliza ulikuwa wapi tangu saa nane. Nitauliza kile kile nilichouliza siku ile, na leo usiniulizie viatu. Mbele ya mama na dada. Ulipangwa, au uliomba?"

Kiatu cha kwanza kilidondoka. Daktari akabadilisha mguu, kiganja bado kiko ukutani, akahangaika na kamba ya kiatu cha pili, ikagoma. Akaiacha. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu.

"Niliomba," akasema. "Kule nikiingia tu, kabla hawajanipa mgonjwa, wananipa kiti."